Herufi Iliyovunjika Mguu

"Yale mabamba ya chini, uliyafunga kwa bolti ngapi?"

"Nne."

"Nne kwa jumla, au nne kila mguu?"

"Nne kila mguu. Andika tu, Madam. Nimeshasema kazi ni yangu."

Inspekta Kaari hakuandika. Aliiweka kalamu juu ya faili akamtazama mzee aliyeketi mbele yake. Misheck Nthiga alikuwa na miaka sitini na moja, mabega mapana, na mikono iliyojaa makovu madogo meupe ya cheche za moto. Tangu Jumatano alikuwa seli ya Kiritiri. Leo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu alitakiwa asimame mahakamani kwa shtaka la kuua bila kukusudia.

Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, mnara wa tangi la maji la soko uliporomoka. Tangi lilikuwa limejaa, lita elfu kumi. Chini yake alikuwa Mwalimu Joyline Mukiri, akijaza mtungi wa maji ya kupikia uji wa darasa lake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikufa papo hapo.

Juu ya bamba moja lililoshika mguu wa mnara, polisi waliona alama iliyogongwa kwenye chuma: herufi N ndani ya duara. Hakuna mtu Kiritiri asiyeijua. Ni alama ya karakana ya Nthiga na Wana, wafua chuma wa mji huo tangu zamani. Kaburu, mkandarasi aliyepewa kazi ya kujenga mnara mpya mwaka jana, aliwaonyesha polisi alama hiyo kwa kidole chake mwenyewe. Miguu ya mnara, alisema, alitengenezewa na Misheck. Misheck alipoulizwa, alijibu neno moja tu: "Yangu."

Kaari alikuwa ametumwa kutoka Embu kulimaliza faili. Alitoa picha ya ile alama, kubwa na safi, akaisukuma hadi mbele ya Misheck.

"Hii ndiyo alama yako?"

Misheck aliigeuza picha kifudifudi bila kuitazama.

"Ndiyo."

"Hujaiangalia."

"Naijua. Ni ya baba yangu. Nitaangalia nini?"

"Ulitumia chuma cha unene gani kwenye miguu?"

"Chembamba."

"Kwa nini? Wewe umechomelea chuma miaka arobaini. Unajua uzito wa maji."

"Tamaa," alisema Misheck, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Andika tamaa. Nirudishe seli."

Nje, Konstebo Gachoki alikuwa amesimama mlangoni. Alibakiza mwaka mmoja kustaafu, na mambo mengi hayakumharakisha. Ng'ambo ya lango la kituo watu kama sitini walikuwa wamekusanyika, wengine na mawe mkononi. Tayari usiku wa Alhamisi walikuwa wamelivunja lango la karakana ya Nthiga.

"Amekubali tena?" aliuliza Gachoki.

"Amekubali. Anasema bolti nne kila mguu."

Gachoki aligeuka akamtazama. Alfajiri hiyo wao wawili walikuwa wamekagua mabaki ya mnara. Jiwe moja la zege lilikuwa limeng'olewa na uzito wa tangi likapinduka, chini juu, na kupasuka. Bamba lake halikuwa na bolti hata moja. Lilikuwa na kulabu tatu nene, zilizopindwa kwa nyundo kama pembe za mbuzi na kuzamishwa ndani ya zege.

"Hapo hakuna bolti, Madam."

"Ndiyo. Yeyote aliyetengeneza lile bamba anajua hilo. Huyu hajui."

Simu yake iliita. Alikuwa mkubwa wake wa Embu.

"Kaari, mtu ameungama mara tatu. Unatafuta nini huko?"

"Anaungama kazi ambayo hakuifanya, mkubwa."

"Kwani kuna mtu anayeungama kifo bure tu?"

"Ndiyo ninachotafuta."

"Una hadi kesho jioni. Huo umati ukichoma hiyo karakana, nitakuuliza wewe."

* * *

Mtu pekee aliyebaki kati ya wale waliofanya kazi na mwanzilishi wa karakana alikuwa Mzee Nurudin. Aliishi nyuma ya bucha ya mwanawe Kasim, mtaa wa msikitini. Walimkuta kwenye kiti cha kamba, miguu imefungwa bendeji, kofia nyeupe kichwani.

"Shikamoo, mzee," alisema Kaari.

"Marahaba, binti yangu. Nilijua mtakuja. Sikujua kama mtachelewa hivi."

"Ulifanya kazi na Mzee Nthiga miaka mingapi?"

"Kuanzia sitini na sita mpaka alipofariki, tisini na saba. Nilianza kwa kuvuta mivukuto. Wakati huo Nthiga hakuwa hata na fuawe. Alikuwa na kipande cha reli amekizika nusu kwenye gogo. Hapo tulifua majembe, vichwa vya mishale, na kengele za mbuzi. Stima ilipofika ndipo tukanunua mashine ya kuchomelea. Misheck alijifunza hiyo mashine haraka. Nyundo hakuipenda. Nyundo ilikuwa ya dada yake."

"Ana dada?"

"Ednah. Ana karakana yake Gachoka. Baba yao alimfundisha kila kitu. Alipokufa, Misheck akasema karakana si mahali pa mwanamke, akabadilisha kufuli. Hawajasemezana tena mpaka leo."

Kaari alitoa simu akaonyesha picha ya alama. Mzee aliisogeza karibu na uso, kisha akaiweka mbali, kisha akairudisha karibu.

"Mmeitoa wapi hii?"

"Kwenye mnara ulioanguka. Ndiyo iliyomfunga Misheck."

"Mnara upi?"

"Wa soko. Uliojengwa mwaka jana."

"Haiwezekani." Nurudin alishika mkongojo wake akainuka kwa tabu. "Njoo nikuonyeshe kitu. Kasim! Sogeza hiyo nyama."

Ndani ya bucha, juu ya kaunta, nyama ilining'inia kwenye nondo nene ya chuma. Kasim alisukuma mapaja mawili ya mbuzi pembeni, akaifuta nondo kwa kitambaa. Palikuwa na N ndani ya duara, miguu yote miwili imesimama wima.

"Sabini na mbili," alisema Nurudin. "Mimi, baba yake Kasim, ndimi niliyeiomba. Sasa twende kanisani."

Kanisa halikuwa mbali, lakini kwa miguu ya Nurudin walichukua robo saa. Nyuma yake palikuwa na ghala dogo la mawe, siku hizi wanaweka viti vya plastiki. Mlango wake ulikuwa wa chuma cheusi, mzito. Nurudin alionyesha kwa ncha ya mkongojo kona ya chini.

Kaari alichuchumaa. N ilikuwa ndani ya duara, lakini mguu wake wa kulia ulikatikia katikati.

"Ilikuwa mwaka ule wa njaa, themanini na nne," alisema Nurudin. "Kanisa lilitaka mahali pa kuweka mahindi ya msaada, mlango ambao hauvunjiki. Nthiga akatumia spring za lori. Ile chuma ni ngumu mno. Akagonga muhuri mara moja tu, nikasikia mlio ambao si wake. Tulipoutazama, N imeacha mguu mle ndani."

"Hakuutengeneza tena?"

"Alikataa. Alisema ule muhuri alitengenezewa na fundi aliyemfundisha, Mtharaka mmoja, na yule fundi amekufa. Tangu siku hiyo, kila kitu cha Nthiga kina N ya mguu mmoja na nusu. Angalia lango la kinu cha kusaga, angalia ngazi za posta ya zamani. Zote."

Kaari alizikagua. Alimwacha mzee kwenye kivuli cha kanisa, akaenda na Gachoki kwenye lango la kinu: mguu umekatika. Wakaenda kwenye kifuniko cha kisima cha zahanati, chenye mwaka 1977 uliochorwa kwa patasi: miguu mizima. Wakaenda kwenye ngazi za posta: umekatika. Kila mara Gachoki alisoma alama, Kaari akapiga picha. Waliporudi kwa Nurudin, Kaari aliifungua tena picha ya bamba la mnara. N yake ilikuwa na miguu yote miwili.

"Kwa hiyo lile bamba liligongwa muhuri kabla ya themanini na nne," alisema.

"Nililishika mimi kwa koleo, Nthiga akigonga. Sabini na tisa. Ulikuwa mnara wa kwanza wa soko hili. Paipu za miguu tulizipata kwa watu waliojenga bwawa la Kamburu. Nzito! Watu wawili waliinua moja kwa tabu."

"Kwa nini hukuja kituoni kusema?"

"Niseme nini? Nilisikia tu mmeona alama. Na mlizungusha kamba zenu, nani angesogea pale kuangalia? Kisha nikasikia Misheck amekubali. Mtu akikubali kwa kinywa chake, mimi ni nani nimkatalie?"

"Muhuri wenyewe uko wapi sasa?"

Nurudin aliegemea ukuta wa kanisa.

"Misheck alitaka baba yake azikwe nao. Asubuhi ya mazishi tulifungua kisanduku chake cha vifaa ili tuutoe. Haukuwamo. Aliyekuwa na funguo za kile kisanduku ni Ednah peke yake. Misheck hakusema kitu mbele ya watu. Lakini alijua. Sote tulijua."

Kaari alikumbuka mkono wa Misheck ukiigeuza picha kifudifudi. Kama angeiangalia kwa sekunde mbili tu, angejua kwamba ile ni kazi ya baba yake. Hakutaka kuangalia, kwa sababu alishaamua ni ya nani.

* * *

Walirudi sokoni. Gachoki alichukua mtaimbo akaupenyeza kwenye mguu uliopinda, juu kidogo ya bamba. Miguu ile ilikuwa ya chuma chembamba kilichopakwa rangi ya buluu. Unaweza kukibonyeza kwa teke. Kilichanika kama bati.

Ndani yake kulikuwa na kitu kingine. Kisiki cha paipu nyeusi, kuta zake nene kama kidole gumba, kimesimama juu ya bamba kwa urefu wa shubiri moja. Chuma chembamba kilikuwa kimevishwa juu yake kama soksi na kuchomelewa pembeni.

"Huyu Kaburu alituambia aling'oa mnara wa zamani wote," alisema Gachoki. "Mpaka msingi. Akajenga mpya."

"Alikata paipu za Nthiga hapa, akauza, akavisha hizi takataka. Msingi na tangi ni vilevile. Kilichobadilika ni miguu tu, na rangi."

"Basi tumkamate."

"Atasema Misheck ndiye aliyezikata. Misheck ataitikia ndiyo. Nataka zile paipu."

Kaari alikagua visiki vyote vinne. Vitatu vilikuwa vimekatwa sawasawa. Cha nne, kile cha upande wa shule, kilikatwa na mtu aliyeanza upande mmoja, akachoka, akaanza tena upande wa pili na kukosea. Mikato miwili ilikutana kwa ngazi, kama jino. Alitafuta kipande cha boksi, akakikunja kuzunguka kisiki, akafuata ukingo wa mkato kwa penseli mpaka umbo lote likatokea. Kisha akalikata umbo hilo kwa kisu.

"Gachoki, huku Mbeere, paipu nzito namna hiyo utamuuzia nani?"

"Mnunuzi wa skrapa, vyuma chakavu, angezikata vipande vipande, ni kazi. Mimi ningemuuzia fundi."

"Fundi gani? Si wa hapa Kiritiri, watu wangezitambua."

Gachoki alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye gari. "Kwa Ednah, Gachoka," alisema.

* * *

Karakana ya Ednah Nthiga ilikuwa nje kidogo ya soko la Gachoka, uwanja uliozungukwa na ua wa mabati. Kaari alimwambia Gachoki aliegeshe gari nyuma ya ghala la mkaa la jirani. Hakutaka gari la polisi lionekane kabla hajaongea.

Ednah alikuwa peke yake. Mafundi wake walikuwa wamemaliza kazi saa saba. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na tano, leso kichwani, ovaroli ya buluu, akinyoosha ncha ya plau juu ya fuawe. Alimwona Kaari, akaona kitambulisho, akaendelea kugonga mpaka chuma kilipopoa.

"Umekuja kwa sababu ya Misheck," alisema.

"Ameungama."

"Nimesikia redioni."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi sina la kuona. Sisi hatuongei."

"Nionyeshe muhuri wa baba yako."

Ednah aliweka nyundo chini. Alimtazama Kaari kwa muda, kisha akaingia ndani ya chumba cha vifaa. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha mafuta. Kilikuwa kipande cha chuma kirefu kama kiganja, kichwa chake kimebonyea kwa mapigo. Kwenye ncha palikuwa na duara na N. Mguu wa kulia ulikuwa umekatika.

"Niliuchukua kwa sababu baba ndiye aliyeniambia niuchukue," alisema Ednah. "Alisema Misheck atauzika. Sijawahi kuugonga mahali. Hata mara moja. Unaweza kuniuliza unavyotaka."

"Sikuulizi hilo. Nauliza paipu za Kamburu ziko wapi."

Uso wa Ednah haukubadilika, lakini macho yalienda mahali, upande wa kushoto, kwenye rundo lililofunikwa turubai.

Kaari alilifunua. Paipu nne, nyeusi, kutu kidogo, kuta nene kama kidole gumba. Alipiga magoti akaanza kulinganisha kipande chake cha boksi na mwisho wa kila moja. Ya kwanza hapana. Ya pili hapana. Ya tatu, boksi liliingia kwenye ngazi ile na kutulia bila mwanga kupita.

"Nani alikuuzia?"

Ednah alikaa juu ya gogo. "Kaburu. Mwaka jana, mwezi wa nane. Alileta na lori. Nikaona viungo, nikajua ni mkono wa baba. Nilizinunua zote. Nikashindwa kuzikata."

"Na ulipoona hizo paipu, ulifikiri nini kuhusu mnara mpya?"

"Nilifikiri Misheck ndiye amepewa kazi na Kaburu. Nani mwingine angepewa Kiritiri? Nikasema, sawa, ameng'oa mnara wa baba, ameweka wake." Alizitazama zile paipu. "Halafu Jumatano ukaanguka. Nikafunika hizi na turubai. Mtu akiziona atauliza kwa nini zilitolewa nzuri zikawekwa mbaya. Yule ni ndugu yangu. Sikutaka kuwa mimi wa kumfunga."

"Nilimuuliza Misheck mabamba yamefungwa na nini. Akasema bolti nne."

Ednah aliinua kichwa. "Hakuna bolti. Ni kulabu. Baba alikuwa anapinda kulabu tatu."

"Ndiyo."

"Misheck hajui hiyo?"

"Hajui. Hajawahi kuligusa lile bamba."

Ednah alifungua kinywa kuuliza, lakini breki za lori zililia nje ya lango. Mlango wa lori ukafunguliwa, ukafungwa. Alichungulia kwenye tundu la bati.

"Ni yeye," alisema kwa sauti ya chini. "Kaburu. Amekuja na watu wawili."

Kaari alitazama lango, kisha rundo. Alirudisha turubai juu ya paipu, akaingia kwenye chumba cha vifaa na kuacha mlango wazi kwa upana wa vidole viwili. Alimtumia Gachoki ujumbe: *Lori. Ziba lango.*

Kaburu aliingia akitabasamu. Alikuwa mnene, shati jeupe, viatu vilivyong'aa katikati ya vumbi la chuma.

"Mama, habari ya kazi? Zile paipu bado ziko?"

"Zipo."

"Nazitaka. Nitakupa bei yoyote. Vijana wapakie sasa hivi."

"Uliniuzia mwenyewe. Unazitakia nini?"

"Nimepata kazi Embu, inahitaji chuma nzito."

"Leo Jumamosi? Na msiba wote huo Kiritiri?"

Tabasamu la Kaburu lilipungua. "Ednah, tusizungushane. Kuna inspekta ameletwa, anazunguka mji anapiga picha milango ya kanisa. Hizi paipu zikionekana hapa, hata wewe utaulizwa. Nakusaidia."

"Misheck akibadilisha maneno mahakamani je?"

"Abadilishe aseme nini?" Kaburu alicheka kidogo, kama mtu aliyeponea chupuchupu. "Hajui kitu. Hajui hata nilimleta fundi gani. Mimi nilionyesha polisi ile alama tu, nikidhani nitapata siku mbili za kujipanga. Yeye akakubali palepale! Hata mimi nilishangaa. Nikasema, Mungu yupo."

Mkono wa Ednah ulishuka taratibu ukakamata mpini wa nyundo ya kilo tano. Aliinyanyua bila kuyumba, kama mtu anayenyanyua kijiko.

"Alikuwa na miaka ishirini na tisa, yule mwalimu," alisema.

"Weka hiyo chini, mama."

"Ule mnara. Ulijua utaenda upande gani ukianguka?"

Wale vijana wawili walirudi nyuma. Kaburu alijikwaa kwenye gogo la fuawe, akashika hewa. Nyundo ilikuwa juu ya bega la Ednah.

"Ednah," alisema Kaari, akitoka. "Iache. Nimesikia yote, na namtaka akiwa mzima."

Sekunde tatu, nne. Nyundo ilishuka, ikatua juu ya fuawe kwa mlio uliowafanya wote washtuke. Kaburu alikimbilia lango. Gari la polisi lilikuwa limeziba njia, bampa kwa bampa na lori, na Konstebo Gachoki alikuwa amesimama kwenye kidato cha lori, funguo za lori mkononi.

"Taratibu, bwana," alisema Gachoki. "Huna pa kwenda, na mimi siku hizi sikimbii."

* * *

Saa kumi na moja Kaburu alikuwa ameandika maelezo, na jina la fundi aliyemleta kutoka mbali lilikuwa tayari limetumwa kwa redio za polisi. Paipu ya tatu ilikuwa imelala uani mwa kituo, imefungwa lebo. Kaari alizungumza na mkubwa wake kwa dakika kumi, kisha akaenda kufungua seli mwenyewe.

Misheck alitoka akipepesa macho kwa mwanga. Alimwona Ednah amesimama kwenye kaunta na ovaroli yake, akasimama ghafla.

"Mmemleta?" alimuuliza Kaari, uso umemshuka. "Nimewaambia ni mimi. Mwacheni huyu. Ni mimi!"

"Hakuna aliyemshika. Kaburu ndiye aliyeshikwa. Lile bamba ni la baba yenu, la sabini na tisa. Uko huru kwenda, lakini usitoke Kiritiri mpaka uandikishe ushahidi."

Misheck alimtazama dada yake. Ednah alimtazama. Polisi wa kaunta akajifanya anatafuta kalamu.

"Baba yake yule mwalimu bado yuko?" Misheck aliuliza hatimaye.

"Yuko nyumba ya walimu. Anasubiri mwili, aupeleke kwao Mikinduri," alisema Kaari.

"Alikuja hapa Alhamisi. Alisimama pale kwenye vyuma vya seli, akaniuliza kama ni mimi niliyemuua mtoto wake. Nikamwambia ndiyo." Alipangusa uso kwa kiganja. "Siwezi kulala nyumbani kabla sijamwona."

"Nje kuna watu," alisema Gachoki.

"Nitaenda naye," alisema Ednah.

Walitoka kwa lango kubwa. Habari za Kaburu zilikuwa zimeshafika, lakini si kwa wote. Kelele ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Jiwe moja lilirushwa likagonga nguzo. Ednah alikuwa mbele, ameshika mkono wa shati la kaka yake kama mtu anayemvusha kipofu barabara. Kaari na Gachoki walitembea kila mmoja upande wake. Mama mmoja muuza ndizi aliinuka akavuta meza yake nyuma ili wapite, na wengine wakafuata.

Mutuma, baba yake Joyline, alikuwa amekaa nje ya chumba ambacho binti yake alikuwa akiishi. Alikuwa mkulima wa miraa, mwembamba, koti zito la baridi ya kwao Tigania bado mwilini kwenye joto lile. Karibu naye palikuwa na maboksi mawili ya mbao yenye vitabu na sufuria, yamefungwa kamba tayari kwa safari. Alimwona Misheck, akasimama.

Kaari alimweleza. Alieleza kwa ufupi na kwa uwazi: Kaburu, paipu, chuma chembamba. Mutuma alisikiliza bila kumwondolea Misheck macho.

"Kwa hiyo si wewe," alisema.

"Si mimi, mzee."

"Alhamisi nilikuuliza. Ukaniambia ni wewe. Nimekaa siku mbili na sura yako kichwani. Nimeomba Mungu mambo mabaya juu yako. Kwa nini ulinidanganya?"

Misheck alitafuta pa kuangalia. Mwisho alimwonyesha Ednah kwa kidevu.

"Nilidhani ni huyu."

Ednah aligeuka kumtazama kaka yake. "Na mimi nilidhani ni wewe," alisema.

Mutuma aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu. Kisha aliinama akafungua kamba ya boksi moja, akatoa vitabu akavipanga ukutani, akaligeuza boksi kifudifudi kando ya kiti chake. Akafanya vivyo hivyo kwa lile la pili.

"Kaeni," alisema.